Maji Makali Yanapoteremka Bondeni

Katika nyanda za juu za Kigoma, bomba la maji haliendi tambarare. Linatoka kwenye chanzo, linapanda mgongo wa kilima, linashuka bondeni, linavuka kijito na kuanza kupanda tena. Ndivyo ilivyo Kasulu, na ndivyo ilivyo Kibondo, ikiwemo kata ya Murungu. Anayesanifu njia ya bomba kuu katika nchi ya namna hii huweka vitu viwili bila kukosa: juu ya kila mgongo, valvu ya kutolea hewa; chini ya kila bonde, toleo la kusafishia, lile ambalo mafundi huliita woshauti. Hewa hukusanyika juu, mchanga na tope hutuama chini, na kila kimoja lazima kipewe mlango wake.

Mlango wa chini ndio wenye habari. Mahali pa chini kabisa katika bonde ni pale pale kijito kinapopita, na ndipo watu wanapolima maharage na mboga wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo wa bondeni haukauki upesi. Kwa hiyo kila kinachofunguliwa kutoka kwenye toleo hilo kina jirani mmoja tu wa karibu, naye ni mto. Bomba jipya linapomaliza kuoshwa kwa dawa, maji yanayotoka hapo hayafai kunywewa na yeyote, wala hayafai kuishi ndani yake kiumbe chochote chenye matamvua.

Hata hivyo bomba lazima lioshwe. Bomba jipya, hata likifika kutoka kiwandani likiwa na vifuniko mdomoni, hulala kwenye mtaro wa udongo kwa siku kadhaa kabla ya kuunganishwa. Mvua za Kigoma huanza kushika kati ya Oktoba na Novemba na huendelea hadi Mei, na mtaro uliochimbwa katika miezi hiyo hujaa maji mekundu usiku mmoja. Vyura huingia, panya huingia, tope huingia, na mikono ya mafundi inayopaka mafuta kwenye viungio si ya chumba cha upasuaji. Vijidudu vinavyobaki ukutani mwa bomba vinaweza kusubiri kimya mpaka mteja wa kwanza afungue koki.

Mji wa Maidstone, Uingereza, ulijifunza jambo hilo kwa msiba. Mwaka 1897 homa ya matumbo iliyosambaa kupitia maji ya bomba iliwaangusha watu karibu 1,900, na zaidi ya 130 wakafa. Daktari Sims Woodhead alisimamia kazi ya kumimina mchanganyiko wa unga wa klorini ndani ya mabomba ya mji ili kuyasafisha. Ilikuwa mojawapo ya mara za mwanzo kwa klorini kutumika kuosha mtandao wa mabomba, na miaka 11 baadaye, mwaka 1908, Jersey City huko Marekani ikaanza kuitia klorini katika maji yake kila siku, mfululizo.

Watu wa Kigoma hawahitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini kwao walifika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, ambako njia ya kutokea ilikuwa maji. Meli kongwe ya MV Liemba ilikwenda na kurudi ikiwachukua kuwapeleka Kigoma mjini. Kipindupindu kiliwawahi. Kabla mwezi haujaisha, wagonjwa walikuwa wamefika takriban 3,000 na watu 31 walikuwa wamekufa, wakiwemo wenyeji. Wakimbizi walipandishwa nyanda za juu hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyokuwapo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo. Oktoba mwaka huo huo kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena. Kambi ya watu makumi ya maelfu ni mji uliozaliwa ndani ya wiki chache, na mji wa aina hiyo huishi kwa mabomba yaliyotandazwa haraka, matenki, na klorini iliyopimwa kila siku. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, vijulikanavyo kama Sphere, hudai maji yafike bombani yakiwa bado na klorini huru kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Aliyeona wodi ya kipindupindu haoni kiasi hicho kuwa kero.

Sasa linganisha kiasi hicho na cha kuoshea bomba. Kiwango kinachofuatwa sana duniani, kilichoandikwa na chama cha wataalamu wa maji cha Marekani na kujulikana kwa namba C651, kinatoa njia kadhaa. Iliyozoeleka zaidi ni kulijaza bomba zima maji yenye klorini isiyopungua miligramu 25 kwa lita, kuyafungia humo saa 24, kisha kupima: mwishoni klorini isiwe chini ya 10. Njia nyingine hutumia fungu moja la maji makali ya miligramu 100 kwa lita linalosukumwa taratibu ndani ya bomba refu, kila sehemu ya ukuta ikiguswa kwa saa 3. Hii ya pili hupendwa kwa mabomba makubwa sana, kwani kulijaza bomba lote kungekula maji mengi na dawa nyingi.

Bomba la kipenyo cha milimita 300 huchukua takriban lita 70,700 kwa kila kilomita. Kulifikisha kwenye miligramu 25 kwa lita kunahitaji kilo 1.8 hivi za klorini halisi, yaani chini ya kilo 3 za ule unga mweupe wa asilimia 65 unaouzwa kwenye ndoo za plastiki na ambao harufu yake hukamata koo kabla kifuniko hakijafunguka vizuri. Ni kidogo mno. Ndoo moja huosha kilomita kadhaa, na ndiyo maana ni rahisi kwa mtu kuamini kwamba kilichowekwa ni kidogo na kinachotoka ni kidogo vilevile.

Kwa samaki, hesabu ni nyingine kabisa. Mwanadamu akimeza maji yenye klorini, mate, chakula na tindikali ya tumboni huimaliza kabla haijafika popote. Samaki hana kinga hiyo. Maji hupita moja kwa moja juu ya matamvua yake, ngozi nyembamba kuliko karatasi, na damu iko upande wa pili. Klorini huchoma ngozi hiyo, samaki hutoa ute mwingi kujikinga, ute huziba njia ya hewa, na kiumbe hukata pumzi katikati ya maji yenye hewa ya kutosha. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, katika vigezo vilivyotolewa katikati ya miaka ya 1980, iliweka ukomo wa miligramu 0.019 kwa lita kwa muda mfupi, na 0.011 kwa muda mrefu, kwa viumbe wa maji baridi. Hiyo ni sehemu ndogo hata ya kile ambacho mama wa Kasulu anakinywa bila kudhurika.

Na mito ya huko si ya kuchezea. Vijito vya Kibondo na Kasulu kwa sehemu kubwa huishia Malagarasi, moja kwa moja au kupitia mito kama Ruchugi, ambao hukutana nao Uvinza, mji wa chumvi. Malagarasi wenyewe huanzia karibu na mpaka wa Burundi, huzunguka hadi kwenye mabwawa makubwa ya mashariki, kisha hurudi magharibi kuingia Ziwa Tanganyika. Mabwawa hayo, Malagarasi-Muyovozi, yenye eneo la hekta zipatazo milioni 3.25, yaliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, yakiwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kupata hadhi hiyo. Mto huu ni mzee kuliko ziwa unaloingia. Wataalamu wanaamini kwamba kabla ya bonde la ufa kupasuka na kuufanya mwanya wa Tanganyika, maji ya Malagarasi yalielekea Kongo, na ndiyo maana baadhi ya samaki wake wana ndugu ng'ambo ya ziwa lakini hawana ndani ya ziwa. Kuna jamii ya perege, Oreochromis malagarasi, iliyopewa jina la mto huo kwa sababu huko ndiko kwao.

Wapo watakaosema mto utayazimua. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa namba, kwa sababu kwa mto mkubwa ina ukweli. Chukulia bomba linasafishwa kwa nguvu ya maji yenyewe, kwa mwendo wa mita 0.76 kwa sekunde. Kwa bomba la milimita 300 hiyo ni lita 54 kila sekunde, zinazotoka kwenye toleo kwa kishindo. Ikiwa maji hayo yana klorini ya miligramu 10 kwa lita, kuyashusha hadi 0.019 kunataka kuyazimua zaidi ya mara 500. Maana yake kijito kinachopokea kiwe na lita zipatazo 28,000 kwa sekunde. Kijito ambacho watoto hukivuka kwa kuruka mawe hakina maji hayo hata wakati wa masika, seuze Agosti. Ni kweli kwamba majani yaliyooza na tope la kijito hula klorini njiani, lakini hula baada ya kukutana nayo, na samaki wa mita mia za kwanza huwa wameshakutana nayo pia.

Dunia imeshaona. Mwaka 1990 huko Surrey, magharibi mwa Kanada, bomba la maji ya kunywa lilipasuka na maji yake yakaingia katika kijito cha Fergus, makazi ya samaki wa jamii ya salmoni. Maji hayo hayakuwa hata makali ya kuoshea bomba. Yalikuwa ya kawaida, yaliyotibiwa kwa kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia. Samaki walikufa. Kloramini haivukizwi wala haimalizwi upesi na jua, na tukio hilo liliingia katika hoja za wataalamu wa eneo hilo walipokuwa wakijadili dawa ipi itumike kwenye maji yao.

Kuiondoa klorini si kazi ngumu. Kemia yake ni ya zamani na dawa zake zipo madukani. Thiosulfati ya sodiamu, fuwele nyeupe ambazo wapiga picha wa enzi za filamu walizitumia kwenye chumba cha giza, huimaliza klorini zinapokutana nayo majini. Salfiti na bisalfiti za sodiamu hufanya kazi hiyo kwa kasi zaidi, ila zikizidi hunyonya pia hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na samaki aliyeokolewa na klorini hufa kwa kukosa oksijeni. Vumbi lake nalo humsumbua sana mwenye pumu. Vitamini C, ile ile ya machungwa, ni mpole kuliko zote. Gramu 2.5 hivi humaliza gramu 1 ya klorini. Kwa kilomita moja ya bomba letu la milimita 300, lenye maji yaliyobaki na miligramu 10 kwa lita, inatosha kuwa na chini ya kilo 2 za unga huo. Ni mzigo wa kubebwa kwenye kapu la pikipiki.

Kinachotakiwa zaidi ni utaratibu wa kuichanganya. Maji yanapotoka lita 54 kwa sekunde, kilomita nzima huisha kwa dakika 22 hivi, na kila dakika inadai gramu 81 za vitamini C, bila kukatika. Kumwaga mfuko mzima kwenye dimbwi mwanzoni na kuondoka hakusaidii: dakika za kwanza zitapata dawa nyingi kupita kiasi na zilizobaki hazitapata kitu. Njia ya kawaida ni kuwa na tenki dogo la mchanganyiko na koki inayodondosha kwa kipimo kwenye mdomo wa bomba, au vidonge ndani ya mifuko ya wavu vilivyopangwa katika mkondo ili maji yapite juu yake. Mbele ya mdomo huwekwa mawe au viroba vya mchanga kuvunja nguvu ya maji, kwa sababu udongo mwekundu wa Kibondo hukatika upesi, na korongo linalochimbwa siku moja hukua kila masika.

Pasipo dawa, ipo njia ya subira. Bwawa lililochimbwa mbali na kijito na kutandikwa turubai, maji yakiachwa juani, hupoteza klorini siku hadi siku, kwani mwanga wa jua huivunja. Ardhi yenye nyasi nayo ni mlaji mzuri: maji yakisambazwa taratibu juu ya eneo pana, mizizi, majani makavu na udongo huimaliza klorini kabla haijafika bondeni. Na kabla ya yote hayo, mkandarasi mwerevu huyatumia maji makali mara ya pili. Akimaliza kipande cha kwanza cha bomba huyasukuma kwenda kipande kinachofuata, huongeza unga kidogo kufidia kilichopungua, na hivyo maji ya kumwagwa yanakuwa ya kipande kimoja badala ya vitano.

Kuna onyo ambalo kila stoo ya mradi inapaswa kuwa nalo mlangoni. Unga wa klorini na dawa za kuiondoa visikae pamoja vikiwa vikavu. Unga huo ukikutana na vitamini C, mafuta au kitu kingine kinachoungua, unaweza kuwaka moto wenyewe. Vikutane ndani ya maji mengi tu.

Lakini hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii imejificha ndani ya kichupa cha kupimia. Kifaa kinachotumika zaidi vijijini ni kile kisanduku kidogo cha plastiki chenye vyumba vya kupimia. Fundi huchota maji, hutumbukiza kidonge kiitwacho DPD namba 1, hutikisa, na maji hugeuka rangi ya waridi. Waridi ikikolea, klorini ni nyingi. Huinua kisanduku kwenye mwanga na kulinganisha rangi na zilizochapwa pembeni. Kwa maji ya koki kifaa hiki hakina mfano kwa urahisi. Kwa maji makali ya bomba jipya kinaweza kudanganya. Klorini ikiwa nyingi mno, huibabua rangi yenyewe: waridi hutokea kwa nukta moja, hufifia, na maji hubaki meupe. Fundi asiyejua husoma sifuri. Anamwambia msimamizi kwamba dawa imekwisha, valvu inafunguliwa, na maji yenye nguvu mara mamia ya kiwango cha samaki yanateremka kijitoni na karatasi yenye saini ikisema yako salama.

Dawa ya kosa hilo ni kikombe kimoja cha maji yasiyo na klorini. Sehemu moja ya maji ya bomba inachanganywa na sehemu kumi au ishirini za maji hayo, kisha inapimwa, na jibu linazidishwa. Vijikaratasi vya kupimia vyenye kiwango cha juu vipo pia na havina gharama kubwa. Kipimo cha mwisho kifanywe mita kadhaa chini ya mahali dawa ilipochanganywa, kirudiwe kila baada ya dakika chache muda wote maji yanapotoka, na aliyekishika awe na mamlaka ya kuamuru valvu ifungwe.

Jambo la kushangaza ni kwamba kila maabara ya maji imekuwa ikiondoa klorini miaka yote. Chupa inayotumika kuchukua sampuli ya kupimia bakteria huwa na thiosulfati kidogo ndani yake tangu ilipotoka maabara. Bila hiyo, klorini ingeendelea kuua vijidudu njiani, ndani ya lile boksi la barafu linalosafiri saa nyingi hadi maabara, na jibu lingetoka safi kwa maji ambayo pengine hayakuwa safi. Mafundi wa sampuli wanajua wasiisuuze chupa hiyo. Dawa hiyo hiyo, kwa ujazo mkubwa zaidi, ndiyo inayohitajika kwenye toleo la bondeni.

Wakati wa kulipanga hili ni sasa, kwani mabomba yanazidi kuongezeka. Kasulu ni mmoja wa miji 28 iliyoingizwa kwenye mradi wa maji unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa Juni 2022. Vijijini, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, hujenga miradi na kuikabidhi kwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Sheria haina pengo kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kingo za mito dhidi ya shughuli zinazoweza kuiharibu, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali kwa anayetiririsha maji machafu kwenye chanzo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma, ndiyo inayosimamia mito hii.

Pengo liko kwenye jedwali la gharama za mradi. Mstari wa kuosha na kutia dawa bomba ukiandikwa peke yake, bila mstari wa kuondoa dawa hiyo, mkandarasi hawezi kulipwa kwa kazi ya pili, na asicholipwa hatakifanya. Mstari huo hauhitaji fedha nyingi: unga wa kilo chache kwa kila kilomita, tenki la lita elfu moja, mipira, kisanduku cha kupimia chenye kiwango cha juu, na siku za kazi za watu wawili. Mhandisi mshauri anayeandika zabuni ndiye mwenye kalamu hiyo, na ana nafasi ya kuitumia kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa.

Baada ya makabidhiano matoleo ya bondeni hayafungwi milele. Kila mwaka, na kila baada ya bomba kupasuka na kurekebishwa, fundi wa chombo cha watumia maji hushuka na ufunguo wake, huondoa mfuniko wa chemba, na kuyafungulia maji ili tope litoke. Maji hayo ni ya kunywa, yenye klorini ya hadi miligramu 0.5 kwa lita, na kiasi hicho bado ni zaidi ya mara 20 ya kile ambacho matamvua yanaweza kuvumilia. Hapo hapatakuwa na mkandarasi wala mhandisi mshauri. Mfuko wa wavu wenye vidonge vya thiosulfati, ukining'inizwa ndani ya chemba yenyewe tangu siku ya makabidhiano, pamoja na karatasi ya plastiki inayoeleza viwekwe vingapi na baada ya muda gani vibadilishwe, humtosha.